Tupeane uzoefu: lini uligundua simu ndiyo inakuchagulia cha kutazama?

Mwana Chumbageni: Wakuu, jana kwenye daladala jamaa anasema "nchi nzima inaongelea hili, hata simu yangu imejaa." Nikashtuka, maana nami nilishasema hivyohivyo. Imejaa kwa sababu yeye ndiye anayelitazama. Mwenye kisa alete.

Bint Mtoni: Mama yangu ana kisukari. Mdogo wangu alimnunulia simu janja aone picha za wajukuu. Akatazama video moja ya mdalasini mpaka mwisho. Ikaja ya majani ya mstafeli, kisha mtu kavaa koti jeupe anasema vidonge vinaua figo. Ndani ya mwezi hapakuwa na kingine kinachomjia. Nikipiga, "mama, umemeza dawa?" "Nimemeza mwanangu." Kumbe anazitia kwenye mkebe wa kahawa. Tulimkuta sakafuni, kipimo cha sukari kikaandika HI, yaani imepanda mno, hakina hata namba ya kutoa. Kalazwa siku nne. Alipopata nafuu akaniuliza: "Wote wale, mwanangu, wawe waongo?"

Kaka Temeke: Pole sana dada. Wangu hivyohivyo, ila ni video za miujiza.

Mzalendo77: Simu zinatusikiliza! Nilitaja godoro tu, jioni matangazo ya magodoro.

Fundi Mwenge: Haina haja ya kukusikiliza. Inajua ulipo, ulichotafuta, ulipokawia. YouTube tangu 2012 inatazama zaidi muda unaokaa kwenye video kuliko mibofyo. Hata ukikaa kwa hasira, umekaa.

Mzalendo77: Sikutafuta godoro popote. Unawatetea kwa nini?

Fundi Mwenge: Sitetei. Shemeji je, hakutafuta? Mnatumia waifai moja.

Mzalendo77: Mke wangu mwache.

Bint Mtoni: Jamani, mama yangu alikuwa anakufa, ninyi mnagombea godoro.

Msafiri Espoo: Pole dada. Huku Finland, Chuo Kikuu cha Helsinki na kampuni ya Reaktor walifungua kozi ya bure mwaka 2018, Elements of AI, wakilenga asilimia 1 ya wananchi waijue misingi ya akili mnemba. Jirani yangu mstaafu kaisoma. Hawakungoja watu waugue kwanza.

Wa Nakuru: Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35: mashine peke yake isikuamulie jambo zito. Apu ya mkopo iliponikataa niliandika nikataka mtu aangalie. Wiki mbili kimya, kisha wakajibu. Andikeni!

Kaka Temeke: Futa historia yote.

Fundi Mwenge: Itajaa tena. Mtafutie taarabu, aziangalie mpaka mwisho.

Mzalendo77: Mnunulie kitochi, yaishe.

Bint Mtoni: Kitochi hapana, wajukuu atawaonea wapi? Juzi nimekaa naye, tumeandika "kisukari" kwenye simu yangu na yake. Yangu imeleta madaktari, yake mizizi. Akazitazama muda mrefu. "Kumbe yangu inanifuata mimi." Alhamisi ana kliniki. Kasema niende na simu zote mbili, foleni ni ndefu na wenzake wapo.