Mama kawekewa jino la skrubu, sasa tunaambiwa apigwe leza. Nilipe au nisubiri?

Bint_Wete: Asalaam alaykum. Mama ana miaka 61 na ana sukari. Wiki tatu nyuma aliwekewa skrubu ya titani taya la chini, pahala pa gego lililong'olewa zamani. Siku ile daktari alipima uimara kwa kile kifaa cha namba, ikasoma 72. Juzi tumerudi, 64. Roho imenipasuka. Wanatwambia apigwe miale ya leza mara sita ili mfupa ushike upesi. Kila mara ni boti hadi Unguja, mama bahari inamtapisha, na pesa yenyewe ni ya karafuu za msimu huu. Maumivu hana, ufizi haujavimba. Mwenye kujua anisaidie, silali.

Pwani_Mchangani: Mimi nilipigwa leza baada ya kuwekewa langu. Haiumi hata chembe, na uvimbe ulishuka. Jino limekaa. Mpeleke tu.

Mganga_wa_Meno: Waalaykum salaam dada. Hiyo 64 isikutishe. Siku ya kwanza skrubu hubanwa na mfupa wa zamani, kama msumari kwenye boriti. Kisha mwili huula ule mfupa uliobanwa na kujenga mpya unaogandana na titani. Baina ya wiki ya pili na ya nne wa zamani umepungua na mpya haujakomaa, basi namba hushuka, halafu hupanda. Kipimo hicho huenda hadi 100. Ingeshuka chini ya 60 na ikaendelea kushuka, au skrubu ikacheza, hapo ningekwambia panda boti leo.

Leza yenyewe si ile ya kukatia nyama. Ni mwanga dhaifu unaochangamsha seli. Kwa wanyama wa maabara mfupa umeonekana kunufaika, lakini kwa watu majaribio yamegongana: mengine yameona uimara umezidi kidogo wiki za mwanzo, mengine hayakuona tofauti yoyote. Ndugu yangu wa Mchangani, jino lako huenda lingekaa hata bila leza. Mgonjwa wa kwanza wa skrubu hizi za titani, Uswidi mwaka 1965, aliishi navyo zaidi ya miaka 40, na leza hakupigwa.

Nikuulize: kile kipimo cha wastani wa sukari yake ya miezi mitatu kinasoma ngapi? Na anatafuna tambuu?

Bint_Wete: Sukari hatujapima tangu kabla ya Ramadhani. Tambuu ndiyo, na tumbaku ndani.

Mganga_wa_Meno: Hapo ndipo penye kazi. Tumbaku hubana mishipa, damu haifiki kwenye mfupa. Sukari ikiwa juu, kidonda hakiponi vizuri. Pesa ya leza itumieni huko, asitafunie upande ule, namba ipimwe tena wiki ya nane.

Bint_Wete: Ahsante sana daktari. Kesho asubuhi tunakwenda kupima sukari hapa hapa Wete. Kijaluba chake cha tambuu nimemuomba, kanipa huku ananuna.