"Zima data ukafanye kazi": mkishasema hivyo, hatua ziko wapi?

Kalamu Butu ameandika:

Wakuu salaam. Mods (wasimamizi wa jukwaa), naombeni msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za "madhara ya mitandao kwa vijana". Hii ni kero nyingine kabisa.

Haipiti wiki bila mhamasishaji fulani kujitokeza, tena humo humo mtandaoni, akiwafokea waandishi, wachoraji na watunzi wa muziki: futa Insta, futa TikTok, zima data, kaa chini utoe kazi. Watu wanarusha emoji za moto, basi. Hakuna anayesema unafuta vipi, unatoa nini kabla hujafuta, wateja unawaacha kwa nani, na ni kitu gani kitakachokurudisha kabla wiki ya pili haijaisha. Mtu anafuta kwa hasira saa saba usiku, kazi za miaka mitano zinakwenda na maji, mwezi unaofuata anafungua akaunti mpya anaanza kuomba wafuasi upya. Kisha yule yule mhamasishaji anamwambia hana nidhamu. Nidhamu gani, wakati njia hamkumwonyesha?

Tuanze na kufuta kwenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Kuna kuzima akaunti kwa muda na kuna kuifuta kabisa, na watu wanachanganya. Facebook, Instagram na TikTok ukiomba kufuta wanaiweka akaunti kiporo siku 30. Ukiingia ndani ya siku hizo unaweza kuirudisha, zikipita imekwenda. WhatsApp haina kiporo. Ukibonyeza kufuta imefutika palepale, magrupu yote umetoka na mazungumzo yamepotea. Ukitaka kupumzika WhatsApp usiifute, iache.

Kwa Facebook kuna mtego ambao sijaona mhamasishaji hata mmoja akiutaja. Ukiizima kwa muda, halafu wiki ijayo ukaingia kwenye programu nyingine uliyojisajili nayo kwa kitufe cha "ingia kwa Facebook", akaunti inafufuka yenyewe. Na ukiifuta kabisa, zile programu nyingine hazikujui tena. Kwa hiyo kabla ya lolote nenda kwenye mipangilio, tafuta orodha ya programu na tovuti zilizounganishwa, kila moja uihamishie kwenye barua pepe na nywila yake. Na kama una ukurasa wa kazi zako ambao msimamizi ni wewe peke yako, unafutika pamoja na akaunti. Ongeza msimamizi wa pili kwanza.

Halafu kazi zenyewe. Wachoraji na wapiga picha, nawasihi, Instagram si ghala! Picha unayopandisha hubanwa hadi upana wa pikseli 1080. Kwa uchapaji wa kawaida wa nukta 300 kwa inchi hiyo ni inchi 3.6, yaani sentimita 9 na kidogo. Unapata kadi, hupati bango. Karatasi ya A3 inataka pikseli 3508 kwa 4961. Aliyefuta faili asilia kwenye simu akijua "iko Insta" hana tena kazi yake, ana kivuli chake.

Kupakua data za Facebook na Instagram: ingia Kituo cha Akaunti, sehemu ya taarifa zako, omba kupakua. Chagua muda wote, msiache ule uliowekwa tayari. Chagua ubora wa juu wa picha. Aina ya faili chukua HTML, inayofunguka kwenye kivinjari kama ukurasa wa kawaida, kwa sababu JSON ni ya mashine na utaishia kuita fundi akusomee barua zako mwenyewe. Faili likiwa tayari wanakutumia kiungo, na kiungo hicho hufa baada ya siku 4. Sasa wewe omba Jumatatu, zima data Jumanne, rudi baada ya wiki uone. Faili linaweza kufika gigabaiti kadhaa, kwa hiyo subiri bando la usiku au tafuta Wi-Fi, kisha weka nakala mbili: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski au flashi inayokaa nyumba nyingine.

Tukija kwenye pesa ndiyo damu inachemka. Makampuni ya simu yanauza bando la mitandao ya kijamii kwa bei ya kutupa. Ukiwa na bando hilo WhatsApp inafunguka, Facebook inafunguka, kamusi ya mtandaoni haifunguki, barua pepe ya mswada haiendi. Yaani kubaki ndani ya mitandao ni nafuu, kutoka nje yake ukafanye kazi ndiko ghali! Uganda walianza kwa kutoza mitandao yenyewe, shilingi 200 kwa siku kuanzia Julai 2018. Julai 2021 wakaiondoa na kuweka asilimia 12 kwenye data. Maana yake leo hata aliyeachana na mitandao, anayetuma mswada tu kwa barua pepe, analipa.

Na wale wa "fungua blogu yako, acha kujenga kwenye kiwanja cha mtu". Ushauri mzuri huo. Ila kanuni za maudhui ya mtandaoni Tanzania za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipie maombi 100,000, leseni milioni 1, na ada ya mwaka milioni 1. Mshairi huyo! Kanuni zimerekebishwa tangu hapo, lakini baadhi ya waliofunga blogu mwaka ule walihamia Facebook na Insta, na ndio hao hao leo mnaowapigia kelele watoke.

Mwisho nyie wachapishaji na waandaaji wa matamasha. Jukwaani mnasema msanii ajifungie atoe kazi yenye kina. Akija na mswada wa kurasa 300, swali la kwanza: "Una followers wangapi?" Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inashindanisha miswada. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inashindanisha miswada. Nyinyi mnashindwa nini kusoma kurasa kumi za mwanzo?

Nawasilisha.

---

Chapakazi amejibu:

Mkuu umegonga penyewe. Naongezea upande wa simu, kwa sababu ile kuweka kikomo cha dakika 30 kwa siku ni kiini macho. Kikomo kikifika simu inakuletea skrini yenye kitufe cha kuongeza muda au kupuuza. Anayekibonyeza ni nani? Ni wewe uliyechoka. Kwenye iPhone weka nambari ya siri ya muda wa matumizi, na anayeiandika awe mtu mwingine, wewe ukiwa umegeuka. Bila hivyo kikomo ni pambo.

Kwa Android toleo la 9 kwenda juu kuna njia ngumu zaidi kuiruka. Mipangilio, mtandao na intaneti, DNS ya faragha (DNS ni huduma inayoitafutia simu anwani ya kila tovuti), andika anwani ya huduma ya kuchuja. NextDNS kwa mfano ni bure hadi maombi 300,000 kwa mwezi, kwa simu moja inatosha watu wengi. Unaziorodhesha tovuti za kuzuia kwenye ukurasa wao. Inapokwama ni hapa: watu wanazuia anwani kuu tu, wanasahau kwamba programu inavuta picha na video kutoka anwani nyingine. Tumia orodha zao zilizoandaliwa tayari kwa kila mtandao. Na ukiwasha VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, kizuizi chako kwa kawaida kinarukwa, kwa hiyo VPN itoke kwenye simu hiyo.

Kompyuta: faili la hosts, ambalo kompyuta hulisoma kwanza kujua tovuti iko anwani gani. Kwenye Windows liko folda ya System32, ndani yake drivers, ndani yake folda inayoitwa etc. Fungua Notepad kwa haki za msimamizi, la sivyo halihifadhiki. Kila tovuti ipewe mstari wa 127.0.0.1 (anwani ya kompyuta yenyewe, hivyo tovuti haifunguki), na uandike zote: yenye www, isiyo na www, na ile ya m mwanzoni. Kisha funga kivinjari ukifungue upya.

---

Mjuaji wa Kijiweni amejibu:

Uzi mrefu kama treni ya Kigoma. Mtu mzima aamue tu! Aangalie dakika tano kila saa, arudi kazini. Mnakuza mambo.

---

Kalamu Butu amejibu:

Mkuu, hizo dakika tano za kila saa ndizo mbaya kuliko saa moja ya mfululizo jioni. Mtafiti Sophie Leroy aliandika juu ya hili mwaka 2009: ukihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya akili inabaki kwenye ile uliyoiacha, hasa kama hukuimaliza. Na mtandao haumaliziki, umeundwa hivyo. Ule mtindo wa ukurasa usio na mwisho, ambao mbunifu wa programu Aza Raskin aliubuni 2006 na baadaye mwenyewe akaujutia hadharani, uliondoa mahali pa kusimama. Zamani ulifika chini ya ukurasa ukaona "ukurasa wa pili", ukapata nafasi ya kujiuliza. Sasa kwa anayetunga beti za vina, anayeshika mizani nane kwa nane kichwani, ukimkata mara moja mshororo umekwenda. Kazi za kunakili au kupaka rangi ya chini zinavumilia kukatizwa. Kutunga hakuvumilii.

Kwa hiyo ukigawa siku, kutunga kuwe kabla ya simu kuwashwa, mitandao iwe baada ya kazi, kwa mkupuo mmoja.

---

Binti Lamu amejibu:

Mmeongea simu janja, hamjataja kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Huko bara kwenu mnaita kiswaswadu. Inafanya kazi vizuri, M-Pesa inaenda, simu zinaingia. Lakini wengi wanaharibu hatua moja: wanahamisha laini kwenye kabambe, wanaacha WhatsApp ya kompyuta ikiwa imeunganishwa, wanadhani wamemaliza. Simu kuu isipotumika zaidi ya siku 14, vifaa vyote vilivyounganishwa vinatolewa. Weka siku moja ya wiki, washa simu janja kwa Wi-Fi, ifungue WhatsApp, izime. Na akaunti ikilala siku 120 bila kuguswa, WhatsApp kwa kawaida huifuta.

Laini ya zamani pia msiiache ife kabla ya kuondoa namba hiyo kwenye barua pepe na akaunti zenu. Kampuni ya simu huifunga ikikaa muda mrefu bila kutumika na kumuuzia mwingine. Huyo mwingine ndiye atakayepokea namba za uthibitisho.

Kuhusu kubaki na wasomaji: orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Wakikuambia "sijaona tangazo lako", jibu ni hilo. Mwambie akuhifadhi kwanza. SMS ni nzuri zaidi kwa wasomaji wa vijijini, herufi 160 kwa ujumbe mmoja. Ila jihadharini na emoji, na zaidi ya emoji, ile alama ya juu (') ya ng' kwenye "ng'ombe" na "ng'ambo". Simu nyingi na kompyuta hubadilisha alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Iliyopinda haimo kwenye seti ya kawaida ya SMS, hivyo ujumbe mzima unashuka hadi herufi 70 na unalipia mara tatu bila kujua sababu. Andika kwenye Notepad, usitumie Word.

---

Rangi Mbili amejibu:

Swali kwa wajuzi. Mchoraji anayepata oda zote kupitia DM (ujumbe wa faragha wa Instagram), asiye na duka wala kibao barabarani, ajiondoe vipi bila kulala njaa?

---

Chapakazi amejibu:

Asifute. Akaunti aigeuze kibao cha mlangoni. Instagram inaruhusu kubandika machapisho matatu juu: la kwanza kazi bora, la pili bei na muda wa kungoja, la tatu namba ya simu na namna ya kuagiza. Maoni ayafunge. Programu aiondoe kwenye simu, DM azisome kwenye kivinjari cha kompyuta, tuseme Jumanne na Ijumaa saa kumi jioni, na siku hizo aziandike kwenye wasifu ili mteja asinune.

Oda zihamie WhatsApp Business. Kazi apange kwenye katalogi, inabeba hadi bidhaa 500. Kisha aweke saa za kazi na ujumbe wa kutokuwepo unaojijibu wenyewe nje ya saa hizo: "Niko mezani nachora, nitajibu leo saa kumi. Kama ni dharura piga." Aujaribu kwa kujitumia ujumbe kutoka namba nyingine kabla ya kuutegemea.

Na hapa ndipo ushauri wa wale jamaa wa "zima data" unapomuumiza. Ujumbe huo hautoki kama simu haina intaneti. Akizima data walivyomwambia, mteja anaona tiki moja tu na anakwenda kwa mwingine. Data ibaki imewashwa, arifa zizimwe, simu ikae chumba kingine.