MREJESHO: Kaka yangu katoka gerezani baada ya miaka 20

Wakuu, niliomba ushauri wa kumpokea kaka yangu hapa Mbeya. Alihukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, akapata punguzo la theluthi moja. Asanteni sana, mmetubeba.

Kilichotusumbua kuliko vyote ni kitambulisho. Aliingia ndani kabla NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, haijaanzishwa mwaka 2008, kwa hiyo hakuwa na namba. Bila namba huwezi kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, na bila laini hupokei hela kwa simu. Sasa fundi seremala kama yeye atalipwaje? Ushauri wa kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa ndio uliofungua njia: barua ikatoka, mtendaji akagonga muhuri, hatimaye namba imepatikana.

Kazi ameshapata. Useremala aliojifunza gerezani ni wa kweli kabisa. Mzee mmoja mwenye karakana Mwanjelwa alimpa randa na ubao wa paini, akamwangalia tu. Alipomaliza, mzee akapitisha kidole ukingoni, akasema, "Kesho uje mapema."

Nyumbani ndiko kugumu. Alikuwa anasimama mlangoni akisubiri aambiwe atoke, na mama alikuwa anaumia mno. Aliyesema tumpe ufunguo wake mwenyewe, Mungu akubariki. Siku hizi anapanda daladala mpaka Uyole peke yake.

Mwanawe aliyeko Tukuyu bado hapokei simu zake. Mimi sitamlaumu kijana, amekua bila baba. Baba mdogo ameahidi kwenda kuongea naye.