Word, Writer au Google Docs: ipi inafaa kwa tasnifu ndefu?

Mwanzisha mada
Ndugu wanajukwaa, ninaandika tasnifu ya uzamili kwa Kiswahili, nayo imefikia kurasa 112. Ukurasa wa yaliyomo niliuandika kwa mkono, nikipiga vitone mpaka namba ikae pembeni. Juzi nimeongeza aya mbili katika sura ya pili, na namba zote zilizofuata zikawa si sahihi tena. Naomba mnilinganishie Word, LibreOffice Writer na Google Docs kwa kazi ya namna hii, mkizingatia kuwa nimebakiwa na mwezi mmoja na kwamba intaneti yangu ni ya bando.

Mhariri wa vitabu, Dar es Salaam
Pole sana, dada. Programu zote tatu zitakusaidia iwapo utaacha kukoleza vichwa kimoja kimoja na badala yake ukavipa mitindo ya vichwa. Katika Word na Google Docs, weka kishale kwenye jina la sura, kisha ubonyeze Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja; kichwa kidogo hupewa 2, na kilicho chini yake 3. Katika Writer, Ctrl na namba zinatosha. Baada ya hapo iagize programu itengeneze yaliyomo kutokana na vichwa hivyo. Ukiongeza aya, katika Word unaweka kishale ndani ya yaliyomo na kubonyeza F9, na namba zinajirekebisha. Mimi ningechagua Word, hasa kama chuo chako kinataka faili la Word.

Mtumiaji wa Writer, Mombasa
Naheshimu maoni ya mhariri, lakini Writer haina malipo, haihitaji intaneti, na ina kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia, jambo ambalo kwa tasnifu ya Kiswahili si dogo. Tena kuna suala la kurasa za mwanzo, yaani shukrani na ikisiri, ambazo huhesabiwa kwa tarakimu za Kirumi kabla sura ya kwanza haijaanza na 1. Katika Word inabidi uugawe waraka katika sehemu mbili, halafu ukate kiungo kinachoifanya sehemu ya chini ya ukurasa ifuate ile iliyotangulia. Wengi husahau hatua hiyo, wakibadilisha namba huku, na kule nako zinabadilika. Writer ina mitindo ya kurasa: unabonyeza F11, unaunda mtindo mmoja wa kurasa za mwanzo na mwingine wa sura, na kila mmoja unabaki na namba zake.

Mwalimu msimamizi
Ninaposoma rasimu za wanafunzi, Google Docs hunifaa kuliko nyingine, kwa sababu mapendekezo yangu huonekana pembeni, mwanafunzi hukubali au hukataa moja moja, na historia ya matoleo humrudishia aya aliyoifuta kwa bahati mbaya. Hata hivyo, kufanya kazi bila intaneti hutaka maandalizi mapema ndani ya kivinjari. Word nayo hufuatilia mabadiliko vizuri. Ninachokuomba, mwanangu, ni usilihamishe faili kila siku kutoka programu moja kwenda nyingine, kwani majedwali na namba ndivyo huanza kuharibika.

Mwenye stesheneri
Niongeze la upande wa uchapaji. Wateja wengi huleta faili ambalo sura mpya imesukumwa hadi ukurasa unaofuata kwa kubonyeza Enter mara kumi na kitu. Likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ileile, mistari inasogea na sura inaanzia katikati ya ukurasa. Tumia Ctrl na Enter pamoja, mara moja tu. Ukitaka kuona Enter zote ulizorundika, bonyeza Ctrl, Shift na 8 katika Word, au Ctrl na F10 katika Writer. Siku ya kuchapa, leta PDF.

Mwanzisha mada
Nawashukuru nyote. Nimeamua kubaki na Writer, na msimamizi wangu amekubali kusoma sura moja moja. Leo asubuhi nimevipa mitindo vichwa vyote, nimefuta vitone vyangu, na ukurasa wa yaliyomo umejitengeneza wenyewe. Sura ya tatu, niliyoiandika kuwa inaanza ukurasa wa 47, kumbe inaanza ukurasa wa 51.