"SOGEA MAMA, UNAZIBA MLIMA." Mimi?! Nizibe mlima?!

Wakuu, naandika nimejifunika mablanketi matatu ndani ya hema huku Wadi Rum, Jordan. Mtandao unakuja na kuondoka kama fundi aliyekwishalipwa. Msiniulize aliyesema hivyo ni nani. Mnamjua. Ndiye anayekusanya michango ya kila safari ya Wabongo wa Doha, na akishavaa miwani ya jua basi jangwa lote la baba yake.

Leo jioni jua linazama. Majabali mchana yalikuwa njano, sasa yamekuwa ya chungwa, yanaelekea wekundu wa tofali lililotoka tanuruni. Bedui wetu kaegesha pikapu, kawasha kuni, birika la chai limeshaanza kuimba. Mimi nimesimama mchangani kimya kimya, kitenge kinapepea, namshukuru Mungu wangu. Mara nasikia nyuma yangu, mbele ya watu kumi na mmoja:

"Sogea mama, unaziba mlima."

UNAZIBA. MLIMA.

Mlima wenyewe, Jabal Rum, una mita 1,734 kutoka usawa wa bahari. Mimi nina futi 5 na inchi 2, tena nikiwa na viatu. Hifadhi nzima inazidi kilomita za mraba 700, tumetoka Amman mwendo wa masaa manne, na katika nchi yote hiyo kinachoziba ni mimi? Nimekuwa kupatwa kwa jua?

Halafu "mama"! Ananizidi miaka sita! Najua kwa sababu fomu yake ya viza nilimjazia mimi, pasipoti yake nilikuwa nayo mkononi!

Mchana tuliingia kwenye ule ufa wa Khazali, Wathamudi wa kale wamechora watu na nyayo ukutani. Watu, juu ya mlima wenyewe! Miaka yote hiyo hakuna aliyewaambia wasogee. Kiongozi akatueleza wekundu wa mwamba ule wa mchanga unatokana na chuma kilichoshika kutu. Nikamtazama mtu fulani nikasema moyoni, kumbe si mwamba peke yake.

Lakini kinachoniuma zaidi, wakuu, NILISOGEA. Nikasema na "samahani" juu. Nimeuomba mlima radhi! Yule Bedui hajui neno la Kiswahili lakini alicheka, maana yake alielewa.

Dinari 5 za kuingia nimelipa mwenyewe. Unaziba mlima. Mxiuuu.

Kibogoyo wa Tandika: Leta picha kwanza.

Bi Kiroboto: Nakazia. Mlima tunaujua, tunataka kuona kilichouziba.

Mleta uzi: Mmeanza.

Sindano ya Kobazi: Pole dada, huyo namjua. Ndiye alitukusanyia hela za Salalah, Oman, eti tukaone kijani cha khareef, ule msimu wao wa manyunyu na ukungu. Katufikisha mwisho wa Oktoba! Kijani kimekauka, ukungu umeshaondoka, tumepiga picha na ngamia mmoja aliyechoka kuliko sisi. Chenji mpaka leo.

Bi Kiroboto: Chenji ya Salalah si ndiyo aliyonunulia miwani?

Mgiriama Asili: Mnahangaika bure. Njooni Marafa hapa juu ya Malindi, tuna korongo letu la Nyari, jekundu, jeupe na la waridi. Wazee wanasema palikuwa na matajiri walioogea maziwa, ardhi ikawameza. Kero yetu ni moja tu, mgeni akishuka mle saa saba mchana bila maji, sisi ndio tunambeba kumpandisha.

Kibogoyo wa Tandika: Akiwa ni mleta uzi mtambeba wangapi?

Mleta uzi: Wewe nitakutafuta nikirudi.

Hema la Pili: Mimi niko safari hiyohiyo, hema la pili kutoka kwako. Kwanza, uliziba kweli, picha nane zote ni kitenge. Pili, nani kachukua chaja yangu nyeupe?

Mleta uzi: Chaja ninayo mimi. Lakini tuongee habari ya mlima kwanza.

Hema la Pili: Simu yangu iko asilimia 3, lete chaja!

Fundi Gereji: Hivi huko mmekula nini?

Hema la Pili: Zarb. Kuku, mbuzi na viazi vinapangwa kwenye chombo cha chuma chenye ngazi, kinashushwa shimoni penye makaa, juu blanketi na mchanga. Masaa mawili matatu hivi, ukifukua nyama inaachia mfupa yenyewe.

Fundi Gereji: Hiyo si nyama choma. Hayo ni mazishi.

Mgiriama Asili: Nyama bila kuonja moshi ni mchuzi uliokauka.

Sindano ya Kobazi: Hapo nakataa. Mimi kero yangu ni nyama choma ya siku hizi, unaletewa nusu kilo, mifupa robo tatu.

Kibogoyo wa Tandika: Na ndizi mbili zilizoungua upande mmoja.

Mleta uzi: Jamani, mlima.

Bi Kiroboto: Sogea mama, unaziba nyama.

Fundi Gereji: Kwa hiyo kilo ya mbuzi huko Jordan dinari ngapi?