Waliowahi kuhangaika njiani na mgonjwa wao hapa Dodoma, tupeane uzoefu

Mtoa mada: Mbukwenyi wakuu. Leo stendi ya Nanenane nimeona kijana kampakata mama yake, anampepea kwa khanga, basi bado haliondoki. Nimekumbuka mengi. Nani yamemkuta?

Mwana Kondoa: Mwanzoni mwa 1998, mvua za El Nino. Nampeleka baba Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, kansa ya koo. Tukapanda treni kwa kuwa kukaa alikuwa hawezi, behewa la kulala angalau ananyoosha mgongo. Tumeipita Gulwe, treni ikasimama. Mto Kinyasungwe umefurika, tuta limeliwa, reli inaning'inia na mataruma yake. Usiku maji ya kunywa yakaisha. Baba kila akizinduka anauliza, "Hapa Kidete?" Namwambia bado kidogo, baba. Kulipokucha nikashuka na chupa ya chai, nikapiga tope hadi kwenye nyumba moja ya tembe. Mama wa pale hakuniuliza jina wala kabila. Akakoroga uji wa uwele, akauchuja kwa kitambaa, kisha akanifuata hadi behewani akamnywesha mwenyewe, kijiko baada ya kijiko, anamsemesha Kigogo. Baba Mrangi, haelewi hata neno, lakini alikunywa wote. Machozi yakamtoka. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Binti wa Bahi: Umeniliza. Wamama wa Kigogo Mungu awalipe.

Dereva Mstaafu: Sasa si mngepanda basi? Lami ya Morogoro ilikuwepo.

Mwana Kondoa: Nimesema hakuweza kukaa. Soma kwanza, mzee wangu.

Kijana wa Area C: Shida hizo zimekwisha, treni ya umeme ya SGR ipo tangu 2024.

Mama Kibakwe: Mwanangu, SGR inanikuta wapi mimi? Kumteremsha mgonjwa kutoka huku milimani, kwenye bodaboda, kafungwa khanga mgongoni kwa dereva, ndiyo safari yenyewe. Na sisi tunaolipia hiyo bodaboda tunauza kuku kwanza.

Kijana wa Area C: Samahani mama.

Mzee wa Kolo: Kabla lami ya Babati haijazinduliwa 2018 tulikula vumbi, mgonjwa wa kifua anafika hoi. Mkalisheni siti za mbele, nyuma kunarusha.

Nesi Mpwapwa: Siti ya nyuma kabisa ni ndefu, anaweza kujilaza. Muhimu barua ya rufaa, itoe nakala, moja ikae mfukoni kwako.

Mzee wa Kolo: Ajilaze arushwe hadi darini?

Binti wa Bahi: Kaka wa Kondoa, baba alifika?

Mwana Kondoa: Alifika, akapigwa mionzi. Aliishi hadi akamwona mjukuu. Yule mama nilirudi kumtafuta, nikaambiwa wamehama baada ya mafuriko.

Mjukuu Chemba: Jamani, kesho namtoa bibi huku kwenda hospitali ya Benjamin Mkapa, nyonga imevunjika. Nani anamjua mwenye Noah inayolazwa siti, asiyekimbiza?

Dereva Mstaafu: Nakuja mimi. Nitumie namba inbox, tutoke alfajiri kabla ya jua. Tafuta godoro.