Naomba ushauri: nibaki na gari yangu Toyota IST au niongeze Toyota Noah?

Habari wakuu. Naishi Nkuhungu, Dodoma, kazi iko Mtumba, Mji wa Serikali, yaani kila siku navuka mji mzima. Watoto wanne, na mama mkwe kahamia kwetu. Nina IST ya cc 1300. Mafuta haili, spea zipo kila kona, sina ugomvi nayo.

Shida ni Jumamosi, shamba la zabibu Hombolo. Mwezi wa pili nilishuka kwenye kakorongo, bampa la mbele likabaki mchangani. Tulirudi nimelifunga kwa kamba ya katani, mtoto mmoja kapakatwa, bibi anasali siti ya nyuma.

Fundi wangu anasema chukua Noah, siti nane, umemaliza. Sasa cc 2000 kwenda Mtumba peke yangu kila siku? Wife anataka Harrier (hapo nahisi majirani wanaongea). Mimi nawaza IST ibaki ya kazini, nitafute Noah ya 4WD (inayovuta tairi zote nne) iliyotumika kwa ajili ya shamba na safari za Kondoa. Ila bima mbili, matairi manane...

Bajeti haivuki milioni 15. Mwenye Noah ya 4WD, lita moja inakupa kilomita ngapi? Na mchangani inatoka kweli?